Divai Iliyonuna Mezani kwa Barsotti

Delfina Azevedo hakuwa mtu wa kujishusha, na heri yake. Mtu anayetengeneza divai peke yake, katika ghala lililokuwa karakana ya matrekta huko milimani juu ya Ukiah, akijishusha kidogo tu atakanyagwa. Kwenye karatasi ya kila chupa, pale ambapo wenzake huandika mashairi kuhusu ukungu na machweo, yeye aliandika amri: Usifungue kabla ya miaka kumi. Ukifungua, usinilaumu. Hakuweka hata tafadhali. Wateja wake, waliotawanyika kuanzia Sacramento mpaka San Diego, walimpenda kwa ukali huohuo. Wengine walimwandikia kuomba ruhusa kabla ya kugusa kizibo, utadhani wanaomba kuoa, naye aliwajibu kwa neno moja: "Bado."

Na kiburi chake kilikuwa na mizizi, tena mizizi ya kweli, iliyokuwa kwenye shamba la juu la Mzee Primo Barsotti huko Redwood Valley. Zabibu za shamba lile zinaitwa Petite Sirah: nyeusi tititi, punje ndogo, ngozi nene. Divai yake ikiwa changa ina ukakasi wa kukukausha ulimi, kama umetafuna ndizi mbichi. Mashina yalipandwa na baba yake Primo. Primo mwenyewe, sasa mwenye miaka themanini na mitatu, ameyapogoa kila majira ya baridi tangu ndevu zake zianze kuota. Majirani waling'oa ya kwao zamani, wakapanda zabibu za kisasa zinazopendwa na watu wenye haraka. Delfina ndiye aliyekuja kila mavuno kuchukua zabibu za Primo kadiri mapipa yake yalivyoweza kubeba, na kila masika alimletea mzee masanduku ya divai iliyotoka humo, kama ilivyo desturi yetu. Huwezi kumnunulia mkulima zabibu halafu umwache na koo kavu.

Basi Ijumaa moja, mizabibu ikiwa ndiyo kwanza imetoa majani, Lorna Barsotti alifika ghalani. Lorna ni binti pekee wa Primo, na ndiye anayeliendesha shamba.

"Delfi, shoga yangu, kaa chini kwanza."

"Nina mpira wa maji mkononi, nikae wapi? Sema tu."

"Alhamisi wanakuja wabebeshaji."

Delfina alifunga maji. Wabebeshaji ni mafundi wa kukata mzabibu shingoni, ukabaki kisiki, kisha wakaupachika vikonyo vya aina nyingine. Mizizi inabaki ileile, zabibu zinakuwa za ukoo mwingine. Kazi ya siku chache inafuta kazi ya maisha mawili.

"Kubebesha nini?" aliuliza, ingawa alishajua.

"Zabibu nyeupe, shamba lote la juu. Baba kakubali."

"Kakubali kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Kaniambia, fanya unavyoona, mwanangu, divai yenyewe inakwaruza. Na usinitolee macho! Wewe unachukua zako unaondoka. Zinazobaki mimi ndiye ninayezizungusha kwa wanunuzi, nawabembeleza kama nauza gari bovu. Jalidi ikishuka alfajiri, ni mimi ninayetoka kitandani kuwasha mapangaboi ya kuifukuza, wewe unakoroma."

Hapo Lorna alisema kweli, na Delfina hakuwa mtu wa kubishana na kweli. "Sikulaumu," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja tu. Baba yako amewahi kuionja divai ya zabibu zake ikiwa imekomaa?"

Lorna alicheka. "Kwetu? Kwetu chupa haioni Krismasi mbili. Ikiziona, inatiwa kwenye saladi kama siki."

Ndivyo walivyo akina Barsotti, na si wao peke yao. Babu zao walikuja na desturi hiyo kutoka Italia: divai ni kinywaji cha mezani, inanywewa changa, kwenye glasi fupi, na maji kidogo ya kuipoza. Kuiweka miaka kumi ni ulimbukeni wa watu wa mjini. Masanduku yote ya Delfina yalikuwa yakiisha kabla ya mavuno mengine, kwa utiifu kamili wa desturi na kwa kuivunja kabisa ile amri kwenye chupa.

"Niwekeeni sahani Jumapili," Delfina alisema. "Nakuja na chupa. Mzee akishaionja, kama bado anataka kukata, akate."

"Wewe nawe hukati tamaa," Lorna alisema, akaondoka akitikisa kichwa.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu mwerevu. Delfina aliingia nyuma ya mapipa kutafuta chupa kongwe, na hakuipata. Mwanamke aliyewaamuru watu wa jimbo zima wangoje miaka kumi hakuwa amejiwekea hata moja ya miaka kumi. Kila mwaka aliuza zote mpaka ya mwisho, maana kila mwaka kulikuwa na pipa la kununua au paa la kuziba. Mganga hajigangi. Chupa kongwe kuliko zote ghalani ilikuwa ya miaka saba.

Na miaka saba ndiyo miaka mibaya. Divai nzito ya aina ile ikiwa changa inapendeza kwa fujo zake, ikiwa kongwe inapendeza kwa utulivu wake, lakini hapo katikati hununa. Inajifungia ndani, haitoi harufu, haitoi ladha, na hakuna ajuaye itatoka lini. Ni kama kijana wa miaka kumi na minne: unamuuliza habari za shule, anakujibu "mm."

Angeweza kumpigia simu mteja mmoja aliyetii amri, akamwomba chupa ya zamani. Delfina aombe chupa yake mwenyewe? Labda jua lichomoze Nevada, mashariki, na kuzama hukohuko. Aliipangusa vumbi ile ya miaka saba akaitia kwenye gari.

Jumapili Mzee Primo alimpokea mlangoni akiwa na leso shingoni tayari kwa kula. "Binti Azevedo! Pita, pita. Umekonda. Divai haina chakula ndani yake, nimekwambia siku nyingi."

Mezani kulikuwa na sungura wa mchuzi na polenta, ambayo ni ugali wa manjano tu, tusizungushane. Delfina alizibua chupa, akamimina. Mzee akanyoosha mkono kwenye jagi la maji, Delfina akamshika kiganja.

"Leo bila maji, mzee wangu."

"Utaniua."

"Sitakuua. Kunywa."

Primo alinusa, kwa heshima ya mgeni, maana hakuwa na mazoea ya kunusa kinywaji. Akanywa. Akaiweka glasi chini polepole.

"Hmm."

"Hmm nini?"

"Nasikia msumari." Akalamba midomo, akitafuta zaidi kwa uaminifu. "Na baada ya msumari, basi."

Lorna naye alionja, akakunja uso. "Mgema akisifiwa," alianza, akaiacha methali ikining'inia juu ya sungura.

Delfina alionja wa mwisho. Loo! Mlango ulikuwa umefungwa, na pazia limeteremshwa. Hakukuwa na tunda wala ua humo, chuma na ukakasi tu. Mtu mwingine angetafuta visingizio, akasingizia mwendo wa gari au joto la chumba. Yeye alimeza, akafuta mdomo.

"Imenuna," alisema.

"Nani kaiudhi?" Primo aliuliza, na Lorna akacheka mpaka akakohoa.

"Chekeni, chekeni. Sasa nisikilizeni. Chupa hii isizibwe, isitiwe frijini, isiguswe ila kwa kuonja. Ikae hapohapo mezani, mdomo wazi."

"Divai mdomo wazi?" mzee alishtuka. "Itakuwa siki!"

"Ikiwa dhaifu, itakuwa siki. Hivyo ndivyo tunavyozipima. Hewa inafanya kwa siku moja kazi ambayo kizibo kinaifanya kwa miaka. Divai isiyo na kitu ndani inakufa upesi. Yenye kitu inaamka. Kama Jumatano mtakuta siki, Alhamisi nitakuja mwenyewe, mnipe msumeno, shina la kwanza nilikate mimi."

Lorna aliacha kucheka. Kila mtu mezani alijua kwamba Delfina akisema hivyo atakuja kweli, na atakata kweli, na hatapona.

"Kwa mikono yako?" Lorna aliuliza.

"Kwa hii hapa. Niongeze polenta."

Jumatatu mzee alipiga simu. "Binti, njoo uchukue maiti yako kabla haijanuka."

"Inanuka siki?"

"Hapana."

"Basi si maiti. Kwaheri, mzee."

Jumanne alipiga Lorna. Hakuwa na mzaha. "Imezidi, Delfi. Imekuwa chungu, hata harufu ya msumari imetoweka. Nimeshawathibitishia mafundi. Alhamisi asubuhi."

"Leo ni Jumanne," Delfina alijibu. "Nilisema Jumatano."

Lakini alipokata simu alisimama kati ya mapipa, mkononi kibuyu cha kujazia divai iliyopungua, na hakujazia. Tuseme ukweli: aliogopa. Mashina yale yakikatwa, mwingine angetafuta zabibu kwingine, bonde limejaa zabibu. Yeye alijua hakuna kwingine. Hizo zilikuwa zabibu zake za kwanza na ndizo zilizomfundisha kazi, na yote aliyokuwa nayo kichwani kuhusu divai aliyapata kutoka shamba lile moja. Alizitazama chupa nyingine za miaka saba zilizolala kwenye rafu. Angeweza kufungua moja aifuatilie, ajue mapema kama ataaibika. Mkono ulifika kwenye shingo ya chupa, ukarudi. "Mtoto unayemwamini humchungulii dirishani mwa darasa," alijiambia kwa sauti, akaendelea na mapipa. Sauti ilitetemeka kidogo, lakini mapipa hayasimulii.

Jumatano, kabla hajamaliza chai ya asubuhi, simu ikalia. Lorna alikuwa akinong'ona.

"Njoo. Baba amekasirika, na hataki kuniambia kwa nini. Amekaa tu mezani. Ananiambia, mwite yule mwanamke."

"Divai je?"

"Sijui! Ameikumbatia kama mtu atamnyang'anya. Njoo."

Yule mwanamke! Tangu amjue, Primo hakuwahi kumwita ila binti. Delfina aliendesha gari kushuka mlima huku akijitayarisha. Siki basi. Angesema amekosea, angeshika msumeno. Alipita kando ya shamba la juu bila kuligeukia.

Mzee alikuwa kichwani pa meza. Chupa ilikuwa mbele yake, na ndani mlibaki kidogo sana, chini kabisa, pamoja na mashapo. Glasi yake ilikuwa tupu, ukingoni imebaki rangi ya zambarau. Hakusimama.

"Kaa."

Delfina akakaa. Lorna akabaki mlangoni na mabuti yake ya shambani.

"Nimeamka kuchemsha kahawa," Primo alisema. "Nafika jikoni, nasikia harufu. Nikajua Lorna anapika jamu. Nikaita, Lorna, jamu gani saa hizi? Kimya. Lorna yuko shambani. Nikafuata pua yangu, kama mbwa, mpaka hapa." Akagonga meza kwa kidole. "Nikamimina tone. Nikanywa na mkate. Halafu nikanywa bila mkate, mkate ulikuwa unanipotezea muda."

Delfina alisikia kitu kikimpanda kifuani, akakizuia. Uso wa mzee haukuwa uso wa furaha.

"Ukakasi uko wapi?" Primo aliuliza.

"Umo. Umetulia."

"Umetulia. Na ile ladha inayokuja nyuma, ukishameza, inayokaa na kukaa, hiyo nayo ilikuwamo siku zote?"

"Siku zote, mzee. Tangu kwenye shina."

Primo alinyanyua mikono yake miwili, akamwonyesha. Vidole vilikuwa vimepinda kwenye viungo, haviwezi tena kufunga kifungo cha shati. "Hivi vimeharibikia kule juu. Miaka sitini na zaidi. Na kila masika unaniletea masanduku yako, nakushukuru, nainywa, inanikwaruza, nasema moyoni: Primo, wewe unalima zabibu mbaya, ila binti wa watu anakuonea huruma, anakununulia. Baba yangu alikufa akidhani hivyohivyo. Mimi nimezeeka nikidhani hivyo. Nimempa mwanangu ruhusa ya kuyakata kwa sababu hiyo!" Sauti ikampasuka. "Mbona hukuniletea kongwe hata moja? Hata moja tu, mwanamke wewe!"

Delfina Azevedo aliitazama mikono ile. Alikuwa ameshinda, ndiyo. Divai ilikuwa imeamka siku ileile aliyoisema. Lakini hakuweza kuufurahia ushindi huo.

"Sikuwa nazo," alisema. "Niliuza zote. Niliwaambia watu wote wangoje, mimi mwenyewe sikungoja. Nisamehe, Mzee Primo."

Mzee aliisukuma chupa kuelekea mlangoni. "Lorna. Hiyo ya mwisho ni yako. Shamba ni lako, amri ni yako. Mimi nimeshasema langu."

Lorna alikuja, akamimina, mashapo na yote. Alikunywa akiwa amesimama. Alikaa nayo mdomoni muda mrefu, macho yakiwa dirishani, kule mashina mafupi manene yalikosimama bila waya za kuyashikilia, kila moja na mikono yake. Mashavu yakamwiva. Akavuta kiti akaketi.

"Sasa mnanitazama nini?" alisema. "Ni nzuri. Haya, nimesema. Ni nzuri mno, na nina hasira kama baba." Akamgeukia Delfina. "Lakini uzuri haufukuzi jalidi. Mnunuzi akija kuonja, namwonjesha nini? Ile changa inayokwaruza? Namwambia ngoja miaka kumi, ataniambia ngoja wewe."

"Utamwonjesha kongwe."

"Ipi? Wewe unazo? Si umeuza?"

"Nitaweka kuanzia sasa."

"Hutaweka." Lorna alicheka, kicheko kikavu, lakini kilikuwa kicheko. "Nakujua, Delfi. Paa likivuja tu, unauza. Sikiliza. Kila mavuno, sehemu ya chupa za zabibu zangu inakuja hapa, kwenye stoo ya mawe aliyoijenga babu. Mlango nafunga mimi. Ufunguo nakaa nao mimi. Ukija kunililia, silainiki."

"Unanifungia divai yangu mwenyewe?"

"Zabibu zangu," Lorna alisema. "Na kwa kuanzia, unaleta zote za miaka saba ulizonazo. Kesho."

Mwanamke aliyezoea kuwaambia watu bado, leo anaambiwa bado. Delfina alifungua mdomo abishe, akamwona mzee anamtazama chini ya nyusi zile nyeupe, akaufunga. "Kesho," alisema. "Nitazileta mwenyewe." Na lile lililokuwa limempanda kifuani, sasa aliliachia, akalia wazi, mbele yao, bila kujificha na leso.

"Aa, usinilowanishie kitambaa cha meza," Primo alisema, lakini mwishoni aliongeza neno binti, na Delfina akalia zaidi.

Lorna alichukua simu ukutani kuwapigia wabebeshaji. Walimsikia akieleza, akipandisha sauti, akieleza tena kwamba hapana, si wiki ijayo, wala mwaka ujao. Primo alingoja mpaka alipoikata.

"Ile iliyo kwenye mapipa sasa," alimuuliza Delfina. "Ya mavuno yaliyopita. Mvua ilikuja mapema, ile niliyokwambia itakuwa na nguvu. Hiyo itaamka lini?"

Delfina alifuta macho. Angeweza kumdanganya mzee kwa huruma, akasema miaka mitano, sita. Hakuwa mtu wa namna hiyo.

"Kumi na miwili, mzee. Labda kidogo zaidi."

Primo alihesabu. Walimwona akihesabu, midomo ikicheza. Themanini na mitatu, na kumi na miwili. Lorna alimtazama Delfina kwa jicho la kumlaumu, kwamba ungesema lingine. Nje kware alilia.

"Haya," mzee alisema, akajiinua kwa kushika meza. "Nipeni kofia yangu."

"Unakwenda wapi, baba?"

"Kutembea. Daktari kanisihi mwaka mzima nitembee nusu saa kila asubuhi, nami namuuliza, ya nini?" Akaivaa kofia, akaisawazisha kwa vidole vyake vilivyopinda, akaufungua mlango wa kuelekea shamba la juu. "Basi nimechelewa. Tupisheni."